Makala Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi
Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Ijumaa. Nimebakiza makala moja tu iliyokubaliwa na jarida la idara yetu, niwe mhadhiri mwandamizi. Miaka tisa! Mwenye Tai, wa ofisi inayotazamana na yangu, ananyemelea nafasi hiyo hiyo. Sina wasiwasi. Mwanafunzi wangu wa uzamili aliandika makala, akaniomba niipitie. Niliipima uzito mkononi, nikamwambia imekaa vizuri, nikatia jina langu mbele ya lake. Kuisoma? Nani ana muda huo?

Jumanne, 5 Machi
Katibu wa idara kaniletea makala ya kuhakiki. Kaziba majina, kaiandika Namba Saba. Wahakiki siku hizi hupatikana kwa kura. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, ili makala za Mwenye Tai zisiangukie mikononi mwa marafiki zake tu.
Inahusu jinsi wanafunzi wanavyochagua viti darasani. Viti! Nani mwingine hapa anayeandika kuhusu viti kama si Mwenye Tai? Mwanafunzi wangu anaandika kuhusu foleni za maktaba. Nilifunga mlango nikacheka peke yangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeandika kurasa nne. Jedwali la pili lina jumla ya asilimia mia moja na kumi na mbili! Nimesema mwandishi wa kwanza ama hajui kuhesabu ama hakuisoma kazi yake. Nimeongeza kwamba hafai kukabidhiwa wanafunzi, sembuse cheo. Mke wangu alisoma, akauliza huyo mtu kanikosea nini. Nikamjibu kwamba hii ni sayansi. Akasema basi sayansi ina kinyongo, akaendelea kupiga pasi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekabidhi. Mwenye Tai alinisalimia kwa furaha. Maskini, hajui linalomsubiri.

Ijumaa, 8 Machi
Nilimkuta mwanafunzi wangu mlangoni, macho mekundu. Makala yetu imekataliwa. Akanionyesha maoni ya mhakiki. Niliyatambua kwenye mstari wa kwanza.
Nikamuuliza foleni zimekwenda wapi. Akasema alibadilisha mada tangu Desemba, akaniarifu, nami nikamwambia aendelee tu. Na lile jedwali? Lilimshinda, akanibandikia kikaratasi cha njano ukurasa wa sita kuomba msaada. Akaniuliza kama nilikiona. Niliona aibu. Ilidumu mpaka saa nne, kamati ilipoanza kikao.

Jumatatu, 11 Machi
Mwenye Tai kapanda cheo. Kavaa tai mpya.
Nimekata rufaa. Nimeandika kwamba mhakiki wa Namba Saba ana chuki, hajui kazi, na afungiwe maisha. Katibu aliipokea bila kunitazama usoni. Akasema kwa utaratibu, rufaa hupelekwa kwanza kwa mhakiki mwenyewe atoe maoni. Baada ya chakula cha mchana akaniletea bahasha.
Nimeisoma rufaa. Ina ukali mzuri, ila hoja hazijanishawishi. Nimeshikilia uamuzi wangu.
Jioni mwanafunzi alileta makala iliyosahihishwa, akaniomba, kwa heshima zote, safari hii niisome. Nikamwambia asiwe na shaka. Nikaipima mkononi. Imeongezeka uzito! Nikatia jina langu mbele, nikamtuma kwa katibu kabla ofisi haijafungwa. Niliona kikaratasi cha njano kimechomoza ukurasa wa sita. Pengine ni shukrani.