Mgomba Wangu na Kitunguu cha Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Itangazwe leo, na vizazi vijavyo vikumbuke, kwamba saa mbili na dakika kumi asubuhi mgomba wangu umefungua jani la saba. Nilisimama wima. Nikavua kofia. Shemeji akapita na mpira wa maji, akanilowesha viatu.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Kazi hii ya kutunza mimea katika nyumba ya vioo nilimtafutia mimi mwenyewe. Tenda wema nenda zako, walisema. Mimi nilibaki pale pale, ndiyo maana naumia.

Habari kubwa: mkuu wetu, Mzee wa Funguo, anastaafu Jumamosi. Cheo chake na kile kishada cha funguo kinacholia kiunoni kama kengele ya ng'ombe vitakwenda kwa mmoja wetu. Daktari wa mimea ndiye atakayechagua. Kazi yake ni kupima jenomu, yaani kitabu cha maagizo ambacho mmea hukibeba ndani ya kila seli. Amesema anataka mkuu anayeelewa kinachopimwa humu. Kwa hiyo kila mmoja alete mmea wake, upimwe, tujifunze.

Nimemwelewa vizuri. Mwenye jenomu kubwa ndiye mkuu. Mimi nina mgomba unaogusa dari. Shemeji ameleta kitunguu kilichochipua ndani ya kopo la siagi. Nimemhurumia. Kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Aibu!

Daktari alichukua kipande cha jani la mgomba na kipande cha jani la mche wa ngano, akavikatakata pamoja kwa wembe mpya, akachuja yale majimaji, akayatia kwenye mashine. Ngano ndiyo rula, alieleza. Ukubwa wake unajulikana, kwa hiyo kila mmea hupimwa ukiwa ubavuni mwake. Kisha akafanya vivyo hivyo na kitunguu.

Kitunguu kimeuzidi mgomba zaidi ya mara thelathini! Nikauliza kwa adabu kama mashine haikuwekwa miguu juu. Daktari akacheka. Eti kitunguu humzidi hata binadamu, mara tano hivi. Shemeji akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu vyenye maji, kama mtu anayethibitisha.

Nikauliza, kitunguu kina mambo gani makubwa ya kuandika? Jibu lake sijalimaliza kulitafuna hadi sasa. Hakina mambo mengi, alisema. Sehemu kubwa ya kitabu ni marudio. Kuna vipande vya maandishi vinavyojinakili vyenyewe na kujichomeka katika kurasa nyingine, miaka nenda miaka rudi. Mimea mingine imewahi hata kurudufu kitabu kizima kwa mpigo. Halafu ipo inayochana kurasa za ziada, na ipo inayoacha zirundikane.

Nikamfikiria mama mkwe, ambaye hajawahi kutupa chupa. Ile familia yote ni vitunguu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamua kuikosoa mashine kwa macho yangu. Daktari alidokeza kwamba jenomu kubwa hutaka seli kubwa, na hata vile vitundu ambavyo jani hupumulia huwa vikubwa. Unalipaka jani rangi ya kucha isiyo na rangi, inakauka, unaibandua kama gamba, unaitazama kwa hadubini. Chapa ya vitundu hubaki humo.

Nikaazima rangi ya kucha ya mke wangu. Yaani, hakuwepo.

Vitundu vya mgomba: mbegu za ufuta. Vitundu vya kitunguu: maharage. Nilitazama mara nne, kila mara nikitumaini maharage yangepungua. Lakini nakiri, ni kitu kizuri kukiona. Midomo midogo midogo, yote wazi, kama kwaya.

Nyumbani mke akauliza chupa imemalizwa na nani. Nikasema sayansi. Akasema kaka yake anafanya kazi humo humo na hajawahi kumaliza rangi ya kucha ya mtu.

Jioni nikakumbuka neno jingine la Daktari: vitabu vikubwa hula fosforasi nyingi, maana hata herufi zake hutengenezwa kwa fosforasi. Nikaligeuza. Kama kitabu kikubwa hula sana, basi anayelishwa sana atakuwa na kitabu kikubwa! Makopo matano ya mbolea. Mgomba ukanyamaza. Nikaona ni shukrani.

Alhamisi, 7 Machi

Jani la saba limeungua kingo zote.

Daktari akanieleza taratibu, kama mtu anayemwongelesha mgonjwa, kwamba mbolea hairefushi kitabu. Mabadiliko hayo huja kwa vizazi na vizazi, maelfu kwa mamilioni ya miaka. Nikamwambia mimi nina hadi Jumamosi.

Baadaye fikra ilinijia nikiwa nafagia. Huwezi kumrefusha mtu, lakini rula unaweza kuifupisha! Kando ya trei la ngano kuna trei la mpunga, ambao jenomu yake ni ndogo mno. Miche yote ni ya urefu wa kidole. Ukishachuma jani, bila kibao huwezi kujua lipi ni lipi.

Vibao vimebadilishana makazi.

Ijumaa, 8 Machi

Nikaomba mgomba upimwe tena. Daktari, mwenye mafua makali, akanituma majani ya ngano. Nikamletea kutoka trei lililoandikwa ngano. Sikusema uongo, nilisoma kilichoandikwa.

Ushindi! Mgomba wangu ukakipita kitunguu cha Jumanne! Nikaona kishada kiunoni mwangu. Nikasikia kikilia.

Daktari akakodoa macho. Kwa uhakika, akasema, tupime na kitunguu. Hilo sikulifikiria. Kitunguu kikaongezeka mara arobaini. Waridi alilolipima mwaka jana, nalo likaongezeka mara arobaini. Kila kitu humo ndani kikanenepa kwa pamoja, na mimi nikabaki nyuma pale pale nilipokuwa.

Daktari alikuwa ameshika simu awaite wenzake waje kuona maajabu. Shemeji akaingia na mpira wake, akatazama vibao, akauliza, "Ngano gani hii inayokaa kwenye tope?"

Kisha akamweleza Daktari, polepole, kwamba ukiharibu rula umeharibu kila ulichopima. Daktari akaweka simu chini. Akasema huyu anaelewa kinachopimwa humu. Kumbe swali lilikuwa hilo!

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji ni mkuu. Mke wangu amepika mara mbili kwa furaha. Mzee wa Funguo alipokuwa akikabidhi kile kishada akacheka, akakiri kwamba ni ufunguo mmoja tu unaofungua kitu. Nyingine ni za makufuli yaliyokwisha kutupwa, na nakala zake, na nakala za nakala. Hakupata kuzichomoa.

Daktari akanitazama kwa matumaini, akauliza kama hilo linanikumbusha jambo lolote. Nikafikiri sana. Nikasema hapana.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji amenionea huruma, amenipa ufunguo wa akiba nifungue asubuhi kabla yake. Mmoja! Ukitikisa haulii.

Nimepekua nyumba nzima. Sanduku la zamani, baiskeli iliyoibwa, kabati la mama mkwe. Sasa nina funguo ishirini na sita. Zake ni ishirini.

Leo nimechukua nusu saa kufungua. Nyumba ya vioo ina mlango mmoja.