Malalamiko Kuhusu Waya Nyembamba na Mama Mkwe Anayekuja

Kwa Mzee Lokorio,
Mwenye Ploti,
Kakuma.

Mzee wangu mheshimiwa,

Ejok, hujambo? Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, duka na mbuzi wote. Sisi wapangaji wako wa Lodwar hatujambo, ila mimi Mwalimu Adome wa chumba cha mwisho nina moyo mzito, na nakuandikia kwa adabu kabla sijasema neno baya.

Unajua nataka kumwoa Makena, yule muuguzi wa kutoka Meru uliyesema ana heshima. Nampenda, Mzee, sifichi. Mama yake anakuja Jumamosi kukagua ninakoishi, na kwenye simu alinieleza wazi: "Binti yangu amezoea maji moto. Kama huko mnaoga baridi, basi arudi nyumbani." Kwao asubuhi maji hukata vidole, kwa hivyo simlaumu. Nilimjibu kwamba nyumba yangu ina shawa ya umeme. Haikuwa nayo. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Waya. Dukani kulikuwa na shawa ndogo, ambayo muuzaji alisema waya za nyumba nyingi huivumilia, na kubwa yenye uso kama sahani ya ugali. Nilichukua kubwa. Mama mkwe ni mtu mzima, huwezi kumpa shawa ya mtoto. Fundi Namuar akaifunga ukutani vizuri, akaunganisha na bomba la tangi, kisha akafungua swichi ya bafu na kuanza kucheka. "Mwalimu, hii waya ni ya balbu. Hiyo shawa inataka waya nene, itoke kwa mita, na ikuwe na swichi yake. Nikiunga hapa, nyumba ndio itachemka, maji bado." Akaenda zake. Mzee, mbona ulijenga bafu la kuonea tu, si la kuogea? Naomba waya nene, na haraka.

2. Jirani yangu Akai ana friza ya samaki wa Kerio. Namuar anasema hata waya nene zikija, friza na shawa zikiwaka pamoja ploti nzima itazima. Nilimwomba Akai kwa upole awe anazima friza kila mama mkwe anapooga. Alinijibu kwamba samaki wake hawana mama mkwe. Naomba umwonye.

3. Hili ndilo linaloniuma zaidi: tangi lako. Umeweka tangi jeusi juu ya paa, juani, na ikifika saa nne maji yake yanafaa kukoroga chai. Sote tunateka alfajiri na kuyaweka kwenye mitungi yabaki baridi. Sasa niambie, mashine ya kuchemsha maji ikipewa maji yaliyokwisha kuchemka, itafanya kazi gani? Ni kama kumtuma mtu sokoni akanunue kikapu alichobeba. Mama mkwe atajuaje kwamba shawa ni nzima? Naomba tangi lijengewe kivuli.

4. Kivuli kikichelewa, umwamuru Akai atie barafu kwenye tangi kila asubuhi, ili maji yapoe, ili shawa iyachemshe. Najua barafu inatoka kwenye friza, na friza nimeomba izimwe. Nimelifikiria sana jambo hili na bado naona ndiyo njia rahisi.

Haya yasipotimizwa, nitabaki kapera kwa sababu ya waya, na watoto ambao wangekuita babu katika ploti yako hutawaona. Utakuwa umejinyima mwenyewe.

Nisalimie Mama Apua, wazee wanaokaa barazani kwa duka lako, na yule mbuzi mwenye pembe moja aliyekula shati langu.

Mpangaji wako mtiifu, anayengoja akitoka jasho,
Mwalimu Adome

Tanbihi: Mzee, kabla sijaipeleka barua stendi, mama mkwe amefika leo Ijumaa mchana, na vumbi lote la barabara ya Kainuk mwilini. Hata chai hakungoja, aliingia bafuni moja kwa moja, nami nje nikimwomba Mungu. Nikasikia maji, halafu ukelele. "Mwanangu, punguza hiyo mashine! Inanitoa ngozi!" Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikasimama pale kidogo, nikarudi nikasema nimepunguza. Ile shawa imefungwa ukutani tu, haijaunganishwa na umeme wowote. Alitoka akicheka, akasema mwanamume anayechemsha maji namna hii hatamwacha binti yake apate baridi. Amekubali, Mzee! Makena, aliyemleta kutoka stendi, aliinama asionekane anavyocheka.

Kwa hivyo waya ziache zilivyo. Kivuli usijenge, na tangi asiliguse mtu. Akai nimemwomba msamaha, naye amenipa samaki.

Limebaki moja tu. Mama mkwe anataka nimfungie shawa kama hii hii kwake Meru, na anasema harusi itafuata siku atakayooga. Tangi nitalibeba kwa lori. Jua la Lodwar ndilo sijui nilitie kwenye gunia gani.