Disketi Mbichi

Jumatatu, 2 Julai 2001

Baridi. Magoti yanalia kama bawaba. Mke wangu Tadea amekwenda kuchuma kahawa, kasema nimfuate. Nimemwambia nina shughuli za kiofisi. Kauliza ofisi gani.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa mkaguzi wa kahawa. Nikiuma punje moja tu, najua ina unyevu kiasi gani. Kisha soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na wakaguzi wao wenye miwani ya jua, nami nikarudi nyumbani. Mwaka wa tano huu.

Leo mlangoni kwa Abdulazizi, mwenye duka la vitenge, nimeona tangazo. Ameweka kompyuta tatu chumba cha nyuma, anafungua mafunzo. Anatafuta msimamizi mwenye uzoefu. Uzoefu wa nini, halikusema. Na mimi si mtu wa kuongezea maneno kwenye tangazo la mwenzangu. Nimeandika barua.

Jumanne, 3 Julai

Nimeipata! Wiki moja ya majaribio. Abdulazizi aliniuliza kama naijua kompyuta. Nikamjibu kwamba mitambo yote ni ndugu, na aliyeiweza mizani yenye kutu hawezi kushindwa na kitu kilichofunikwa kitambaa. Akacheka sana. Akasema Mzee Edmund una hekima. Mzee! Na yeye kichwani hana hata unywele.

Hakuniambia kuhusu Winifrida. Huyo ndiye mwalimu. Binti wa Liuli, miaka ishirini na minne, cheti chake cha Dar es Salaam kimebandikwa ukutani. Kaniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu kaniomba niondoe kikombe changu cha chai juu ya kompyuta. Mbele ya wanafunzi! Marahaba ilikuwa imeshatoka, sikuweza kuirudisha.

Jumatano, 4 Julai

Nimefagia. Nimefungua madirisha. Hii ndiyo teknolojia? Winifrida kasema kwanza nijifunze kuwasha na kuzima. Kuwasha nimeweza. Kuzima kuna maneno mengi: mashine inakuuliza kama una uhakika. Kwa umri wangu sina uhakika na mambo mengi. Nikachomoa waya. Winifrida akafumba macho, midomo ikicheza kama anasali.

Mpango: nisubiri atoke.

Alhamisi, 5 Julai

Ametoka! Kaenda posta. Mara akaingia Mama Ottilia wa kijiji cha Ukata, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Tunafahamiana. Mwaka 1986 nilimkatalia magunia manne ya kahawa kwa sababu ilikuwa mbichi, haijakauka. Hajasahau. Ananiita "Bwana Mkaguzi" kwa sauti ya mtu anayetema kokwa.

Kaleta disketi. Ndani mna orodha ya wakulima sitini na mmoja, mashamba yao na idadi ya mibuni. Mnunuzi kutoka Moshi yuko hapa Mbinga hadi Jumamosi saa sita. Akiiona orodha imechapwa, atanunua kahawa yao bila kupitia kwa madalali. Asipoiona, anakwenda kwa wengine. Daftari lenyewe kalifungia katibu wao, naye yuko msibani Chiwanda, harudi mpaka Jumapili. Ottilia kaniachia, atarudi kesho.

Nikaiingiza. Mashine ikanguruma, ikakwaruza, ikanyamaza. Nikaitoa, nikainusa. Nikaitikisa sikioni. Unyevu! Imetoka Ukata kwenye ukungu wa Julai, itakosaje? Nikaianika juu ya bati, nikaigeuza kila baada ya muda, kama inavyotakiwa. Lakini jua la Julai lina choyo, nikaihamishia kando ya jiko la mkaa la mama muuza chai. Mbali kidogo. Pengine si mbali vya kutosha.

Winifrida aliikuta imejikunja kama jani kavu la mgomba. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kajaribu kuinyoosha, kaiweka mezani.

Sikula. Tadea kauliza ofisi inaendeleaje.

Ijumaa, 6 Julai

Nilikusudia kuumwa. Tadea akanigusa shingo, akasema sina homa.

Ottilia aliigeuza ile disketi mkononi. Akasema watu sitini na mmoja, Bwana Mkaguzi, umewaweka jikoni. Nikatafuta maneno ya kuomba radhi. Yakatoka mengine.

"Wa kwanza ni Baltazar, pale darajani. Mibuni mia tatu na hamsini."

Sijui yalitoka wapi. Au najua. Misimu ishirini na miwili nimekaa kwenye meza ya ukaguzi, nao wakipanga foleni, kila mmoja akinisimulia shamba lake ili nisimwonee. Winifrida akavuta kiti, akaweka vidole tayari. Akasema niendelee, baba. Baba!

Nikaendelea. Ottilia akarekebisha: huyu kaongeza miche, yule kawagawia wanawe. Nikafika kwa Bartholomayo, mibuni mia nne na kumi, aliyekuwa akiniletea ndizi kila msimu. Ottilia akaweka mkono mezani.

"Huyo tulimzika mwaka juzi. Mwandikeni mjane wake, Eliza."

Sikuwa na habari. Tangu kazi iishe sijakanyaga Ukata. Nikaomba maji. Winifrida akayaleta mwenyewe.

Saa kumi jioni tulimaliza. Sitini na mmoja. Printa ikatoa kurasa tatu.

Jumamosi, 7 Julai

Mnunuzi kaisoma, kakubali! Ottilia kanipa mkono. Kakiri kwamba kahawa ile ya 1986 ilikuwa mbichi kweli, mumewe ndiye aliyeharakisha kuianua. Miaka kumi na mitano kanifichia!

Kisha kasema kikundi kinataka mtu wa kuzunguka mashambani, kukagua kahawa na kukusanya taarifa, naye Winifrida atakuwa anazichapa. Winifrida kaongeza kwamba kompyuta haimjui mtu, mimi nawajua wote, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Abdulazizi kaunga mkono, haraka mno kwa maoni yangu.

Nimesema nitafikiri. Nimechoka.

Jumapili, 8 Julai

Nimefikiri wakati wa mahubiri. Nimekataa. Mtu aliyerudisha orodha nzima baada ya disketi kushindwa hawezi tena kutembea mashambani akiuma punje. Mimi ni mtu wa mitambo sasa. Tadea kasema mimi ni mtu wa kitu kingine, sikusikia vizuri, alikuwa anasugua sufuria.

Na kazi nimeshapata. Nje ya kanisa nimekutana na Cleopa, mwenye duka la madaftari kule Mbamba Bay, kando ya ziwa. Ana mashine ya fotokopi. Inatoa karatasi nyeusi tii, tena za moto. Alikuwa anamsubiri fundi kutoka Songea. Nimemwambia asijisumbue. Nyeusi, tena ya moto? Hiyo imekaangwa kupita kiasi! Nitashuka ziwani kesho asubuhi.

Kwa leo, nimemwambia ainyunyizie maji kidogo.