Kikohozi Kimoja Pokea, Viwili Rudisha

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Wiki tatu tangu tumzike mke wangu. Jikoni wote wamenipa pole, hata Karani wa Stoo, ambaye kwa kawaida hanipi hata chumvi.

Saa mbili asubuhi mchuuzi wa samaki akafika mlango wa nyuma na kreti la changu. Wapishi wakanyamaza kama ilivyo desturi. Bosi akatoka na kikombe chake cha chai kuja kutazama. Nikainama juu ya kreti, nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu. Kisha nikasubiri.

Kimya!

Naandika hapa siri ambayo sijamwambia mtu. Mimi, ninayeitwa Pua katika mji huu wote wa pwani, sisikii harufu yoyote. Tangu darasa la tatu, nilipoanguka na baiskeli kifudifudi. Miaka kumi na minane mkahawani aliyenusa ni mke wangu. Alisimama kwenye sinki la masufuria, nyuma ya dirisha dogo kando ya mlango. Akikohoa mara moja, pokea. Mara mbili, rudisha. Hakukosea hata siku moja. Sifa nikapata mimi, yeye akapata masufuria.

Nimesubiri kikohozi mpaka magoti yakaniuma. Halafu nikarudisha kila kitu. Changu, kamba, hata ndimu. Mchana wateja wakala mayai. Bosi akasema msiba umeniongezea ukali, naye anapenda watu wakali.

Nimepanda kitandani mapema. Kitanda kimekuwa kikubwa mno.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimepokea kila kitu, ili kusawazisha.

Karani wa Stoo, aliyeajiriwa mwaka jana na ana cheti cha kitu fulani, akamwinua nguru mmoja na kumfunua mashavu. Akasema ndani yamekuwa ya kahawia, macho yametumbukia, na akibonyeza nyama kidole kinaacha shimo. Alisema mbele ya watu! Nikamjibu kwamba kufunua mashavu ni kazi ya wanaojifunza, kama kusoma kwa kufuatisha kidole. Wapishi wakacheka. Nguru akapikwa.

Saa saba meza ya nne ikarudisha sahani. Kisha meza ya sita. Bosi akaniuliza kulikoni. Nikasema samaki aliingia akiwa safi kabisa, pengine amechoshwa na moto. Karani alinitazama tu kwa huruma, jambo ambalo sitamsamehe.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya: paka! Paka wa mkahawa ana pua nzuri na hana makuu. Nimemficha chini ya meza ya kupokelea. Nikishavuta pumzi, namdondoshea kipande. Akila, pokea. Akigoma, rudisha. Nani kama mimi?

Akala changu. Akala ngisi. Akala kamba na maganda yake. Akala kipande cha sponji. Saa nne akatapika vyote juu ya kiatu cha Karani, nami nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba ngisi hafai. Nilipatia kweli, ila hakuna aliyesikia, walikuwa wanacheka.

Mke wangu alikuwa akimwita paka huyu Mheshimiwa. Leo nimemwita hivyo, naye akageuka kutazama dirishani. Nikaenda stoo kutafuta kitu ambacho sikukihitaji.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi ameniita ofisini. Jumamosi wanakuja madaktari wa meno arobaini kwa chakula cha mchana, samaki mwanzo mpaka mwisho. Tumbo moja likiuma, mlango wa nyuma anapewa Karani na mimi nahamia maegesho kuelekeza magari. Maji yamenifika shingoni. Magari sina ugomvi nayo. Lakini ukiwa maegesho, dirisha lile hulioni.

Baada ya kazi nimekwenda kwa shemeji, mdogo wa marehemu, anayepiga pasi kwenye duka la dobi. Pua yake ni ile ile ya dada yake. Kabla sijakaa alishajua kwamba nimekula mayai na kwamba shati langu ni la tangu juzi. Nikamweleza siri yote. Akacheka hadi akaweka pasi pembeni. Halafu akaacha kucheka.

Akaniuliza kuhusu Januari.

Januari nimekuwa nikiikimbia. Mwezi ule mke wangu alikohoa sana pale dirishani. Mara tatu, mara tano, bila hesabu. Nikarudisha makreti saba ya samaki wazuri kabisa. Nyumbani nikamgombeza. Nikamwambia ananichanganya, akohoe kwa mpangilio. Akasema nimsamehe, atajitahidi. Na alijitahidi! Alikuwa akijiziba mdomo kwa aproni mpaka machozi yanamtoka, ili kikohozi kitoke kimoja tu.

Shemeji akasema mimi nilimsikia dada yake akikohoa kuliko daktari yeyote, nikaenda kurudisha samaki.

Nimelia mbele ya mashuka ya watu. Naye akalia, kisha akanisogezea kona ya shuka ambalo bado halijapigwa pasi. Nilipomaliza kupenga kamasi nikamwomba asimame dirishani Jumamosi. Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Mwishowe amekubali, kwa ajili ya dada yake, si yangu, na kwa sharti kwamba nijifunze kutazama mashavu na macho ya samaki mimi mwenyewe. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetimiza kiapo. Nimewahi kufika kabla ya wapishi, nikatoa samaki watano kwenye friji. Nimefunua mashavu. Yakiwa mekundu, pokea. Yakiwa ya kahawia, rudisha. Macho yaliyojaa na kung'aa, pokea. Nikalinganisha na tarehe za stoo: nimepatia wanne kati ya watano! Kumbe jambo lenyewe ni jepesi hivi. Mtu angeweza kulijua kwa asubuhi moja, miaka kumi na minane iliyopita, na mke wake asisimame kwenye sinki lile maisha yake yote.

Nilikuwa nimemshika wa tano pale Karani alipoingia ghafla. Akasema kwa upole kwamba ninaweza, na kwamba hatamwambia mtu. Nikajitia hamnazo. Nikafunika mashavu, nikanusa kwa kishindo. Mtu anayeitwa Pua haonekani akichungulia.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Shemeji dirishani, aproni ya dada yake kiunoni. Kolekole, kikohozi kimoja. Kamba, viwili. Mchuuzi akataka kubisha, nikamnyooshea pua akanywea. Pweza, kimoja. Bosi akapiga makofi. Madaktari wa meno wakala, wakaomba vijiti vya kuchokoa meno, wakaondoka salama. Matumbo arobaini, na hakuna hata moja lililolalamika! Bosi amesema mlango ni wangu, na shemeji akaajiriwa hapo hapo kwenye sinki la masufuria.

Ila ilipotoka ile sauti ya kwanza dirishani, nilisahau. Kwa muda mfupi sana nilidhani ni yeye. Nikainua kichwa kwa furaha. Mchuuzi akaniuliza kama samaki wana tatizo. Nikamwambia wao hawana.

Jumatatu, 10 Machi

Makreti mawili ya changu. Shemeji akakohoa mara tatu. Tatu hatukukubaliana! Nikafikiri labda maana yake nusu pokea, nusu rudisha. Nikaanza kuwagawa. Akakohoa tena. Nne, tano, sita. Nikarudisha makreti yote mawili, kisha nikaenda dirishani kumwambia, kwa heshima zote za ushemeji, kwamba ananichanganya, akohoe kwa mpangilio.

Akafungua aproni. Akaniambia, wote wakisikia, kwamba samaki ni wazuri, anayekohoa ni yeye, tangu jana ana homa, na anakwenda hospitali sasa hivi. Wapishi hawakuelewa kitu. Siri imesalimika.

Nikamwuliza kama hawezi kwenda kesho, baada ya ngisi.

Ndivyo yalivyonitoka. Akaniwekea aproni begani kama mtu anayetundika kitu msumarini, akaondoka. Karani wa Stoo akavua koti lake la kuingilia chumba cha barafu akamfuata. Yeye ndiye aliyemsindikiza, si mimi. Mimi nilikuwa na mlango wa kulinda.

Jumanne, 11 Machi

Karani amerudi na habari. Ni mapafu, lakini daktari amesema shemeji amewahi. Dawa, mapumziko ya wiki mbili, atapona.

Amewahi. Nimekaa juu ya kreti tupu na neno hilo. Makreti saba ya Januari, na kila moja lilikuwa siku ambayo na sisi tungewahi. Nimelia kama mtoto, na sikujali nani ananiona. Karani akavuta kreti lingine akakaa karibu nami. Akasema kuanzia kesho tufunue mashavu pamoja, yeye na mimi, atanionyesha yaliyobaki na hatacheka. Ni mtu mwema, kwa bahati mbaya. Nikamwambia nitafikiria.

Nikafuta uso, nikajikaza kisabuni, nikaingia jikoni. Kwenye sinki la masufuria kuna mama mgeni, ameletwa leo kushika nafasi ya shemeji. Nikiwa bado mlangoni nikamsikia akimwambia mpishi kwamba maziwa yaliyo kwenye friji yamechacha. Friji ilikuwa imefungwa! Mpishi akafungua, akaonja, akatema.

Nimemsogelea. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama kifua chake ni kizima, kama hana homa, kama usiku analala vizuri bila kukohoa.

Akaacha kusugua sufuria. Akasema ameosha vyombo vya watu miaka mingi na hajawahi kukutana na mtu wa kumwuliza afya yake. Akanishukuru kwa kumjali, machozi yakimlengalenga.

Nikamwambia asijali, ndivyo nilivyo. Kesho tunaanza na ngisi.