Mbwa wa Mwenyekiti Habweki

Serikali ya Kijiji cha Kwemiwati ilitangaza rasmi, kwa kipaza sauti kilichoazimwa kigangoni, kwamba katika eneo lake lote la utawala hakuna mbwa anayebweka. Tangazo lilisomwa na Mtendaji wa Kijiji, Bwana Twaha, akiwa amesimama juu ya benchi mbele ya ofisi, koti limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya ukungu. Ikabidi alirudie. Mara ya kwanza watu hawakulisikia vizuri. Mbwa alikuwa anabweka.

"Amesemaje?" aliuliza bibi mmoja aliyesimama nyuma.

"Amesema hakuna mbwa anayebweka."

"Ahaa. Mimi nilidhani ni habari ya mbolea."

Twaha alishuka benchini ameridhika. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kwao ni Handeni, kwenye joto. Serikali ikampangia kazi milimani Lushoto, kwenye baridi, naye akanunua koti bila kuuliza swali. Aliamini kwamba tatizo lolote duniani, ukishaliundia kamati, huanza kujisikia vibaya na kuondoka lenyewe. Na hili la mbwa alikuwa ameliundia kamati.

Lilianza pale Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Valentino, aliposhuka Tanga mjini kwa mpwa wake akarudi na mbwa mkubwa mweusi, masikio yamesimama kama ya afande anayeongea na mkuu wake. Akamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mapeasi, kando ya ua wa matete. Jina akampa Hayawahusu, kwa ajili ya majirani.

Hayawahusu akaanza kazi siku hiyo hiyo. Ukungu ukishuka alibweka, ukungu ukipanda alibweka. Kengele ya kigango ikilia alibweka, adhana ikitoka alibweka. Hakubagua dini ya mtu. Alibwekea kuku, alibwekea upepo, na pasipokuwa na kuku wala upepo, alizibwekea kabichi.

Upande wa pili wa nyumba ile aliishi Mama Secilia, mjane aliyekuwa akilea wajukuu kwa maziwa ya ng'ombe mmoja aitwaye Pendo. Maziwa hayo yalikwenda kwa watengeneza jibini, na jibini ndiyo iliyosomesha watoto. Ila ng'ombe hapendi makelele. Akishtuka, hubana maziwa. Pendo alishtuka asubuhi, akashtuka jioni, akabana mpaka kilichopatikana hakikutosha hata chai ya nyumbani. Secilia alivumilia, akaziba masikio ya ng'ombe kwa vitambaa, ng'ombe akavila. Ndipo akajifunga khanga akaenda ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kushtaki."

"Umefika mahali pake. Nani anakusumbua?"

"Hayawahusu."

Twaha akaweka kalamu chini. "Sasa mama, kama hayatuhusu, ofisini umefuata nini?"

"Ndilo jina lake. Mbwa wa mwenyekiti."

Twaha alikuwa ameinua kalamu tena. Akairudisha mezani, safari hii polepole zaidi. "Mbwa wa mwenyekiti," alisema, "ni suala mtambuka."

"Ni mbwa, mwanangu."

"Ni mbwa kwa sasa. Likifika kwenye kikao litakuwa suala."

Ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Ufuatiliaji na Tathmini ya Sauti za Wanyama. Uenyekiti wake alipewa Mzee Valentino mwenyewe, kwa kuwa ndiye pekee mwenye uzoefu na mbwa husika. Wajumbe walitoka halmashauri ya kijiji, akiwemo Mzee Rajabu, mkulima wa kabichi, mtu mpole ambaye hajawahi kupinga hoja yoyote isipokuwa ya kufunga kikao kabla ya chai. Ziara ya kutembelea eneo la tukio ilifanyika nyumbani kwa Mwenyekiti. Palikuwa na chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha, na Hayawahusu, hatua chache kutoka mezani, akibweka kama aliyelipwa kwa kila neno.

"Mnasikia kelele yoyote?" Mwenyekiti alipaza sauti.

"Unasemaje?" Mzee Rajabu akapiga ukelele.

"Nauliza kama mnasikia!"

"Sisikii!"

"Iandikwe," Mwenyekiti alimgeukia Twaha. "Mjumbe hasikii."

Baada ya viazi, Kamati ilijiridhisha kwamba kubweka hakukubainika. Kilichobainika ni utoaji wa taarifa za kiusalama kwa njia ya mdomo. Maneno "kwa njia ya mdomo" yalikuwa ya Twaha mwenyewe, na kila alipoyakumbuka alisikia joto fulani zuri kifuani, kama mtu aliyevaa sweta jipya. Kilichobaki kilikuwa kuutangazia umma, na umma ukatangaziwa.

Kesho yake Mama Secilia alikuwa mlangoni.

"Nimefurahi kusikia kwamba habweki," alisema baada ya salamu. "Sasa nieleweshe. Hizo taarifa anazotoa, zinasemaje? Maana nasikia mwananchi ana haki ya kupewa taarifa."

Twaha hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Zinachakatwa, mama."

"Zikishachakatwa?"

"Zitashushwa kwa wananchi."

"Basi zishusheni upesi. Pendo mwenyewe hashushi tena kitu."

Akaongeza maneno mawili ya Kishambaa, ambayo Twaha, kwa kuwa ni mtu wa Handeni, aliamua kutoyaelewa. Mama Secilia alipoondoka, Mtendaji alijisikia vibaya kidogo. Akataka kunywa maji, akainua jagi. Lilikuwa kavu.

Maji nayo yalikuwa na mambo yake. Kiangazi kile mabomba yote ya kijiji yalikuwa yakitoa hewa, na wanawake walitembea mpaka mtoni bondeni wakarudi wanapanda mlima na ndoo kichwani. Serikali ya kijiji ilikuwa imeshatoa ufafanuzi: chanzo cha maji kimechoka. Ufafanuzi ulipokelewa vizuri, lakini haukunyweka. Hatimaye malalamiko yakafika wilayani, na wilayani wakamleta Injinia Shamsa.

Alikuja kwa pikipiki, msichana wa rika la Twaha, amevaa buti za mpira na matope mpaka magotini. Kwa desturi ya Kwemiwati, mgeni wa serikali hupokelewa nyumbani kwa Mwenyekiti. Halmashauri yote ilikuwa imeketi tayari. Jikoni Mama Evelina, mke wa Mwenyekiti, alikuwa ameandaa mbavu za mbuzi. Wanawake wa kijiji nao walikuja, Secilia akiwa mbele, wakaketi kwenye nyasi na ndoo zao.

"Nimetoka msituni kwenye chanzo," Injinia alianza. "Chanzo hakijachoka. Maji yanaingia kwenye bomba vizuri tu. Nataka kujua…"

Hayawahusu akatoa taarifa.

"Nataka kujua hapa katikati…"

Taarifa ikaendelea.

"Mzee," Injinia alisema, "huyu mbwa anyamaze kwanza."

"Habweki," alijibu Mwenyekiti.

Injinia akamtazama. Akamtazama mbwa. Akamtazama Twaha, ambaye aliona ni wajibu wake kufafanua. "Ni taarifa hizo, mheshimiwa. Kwa njia ya mdomo."

Sweta la kifuani safari hii halikuleta joto. Maneno yalitoka kama ya mtu mwingine, tena mtu mjinga.

"Basi amalize kuzitoa," Injinia alisema. "Au tuhamie kwa jirani. Hapa kikao hakiwezekani."

Jirani alikuwa Secilia. Mwenyekiti akasita. Twaha alimwona akisita, akashangaa, maana mzee yule hakuwa mtu wa kusita. Aliwahi kufungua zahanati ambayo haijajengwa, akakata utepe na kupiga picha mbele ya majani.

"Akinyamaza huyu," Mwenyekiti alisema, "hali ya usalama itashuka."

"Tutavumilia."

Mama Evelina hakusubiri kikao kipitishe. Alitoka jikoni na sinia zima la mbavu, akalipitisha mbele ya pua za wajumbe, akalimwaga mbele ya mbwa. "Na mimi nina masikio," alisema, akarudi jikoni.

Hayawahusu alikula kama ambaye hajawahi kuulizwa kama ana njaa. Alikula mpaka mifupa. Kisha akajinyoosha, akaweka kichwa juu ya miguu yake, akalala.

Kimya kikaja. Kilikuja kama mgeni, watu wakakaa vizuri kukipokea. Walisikia kuku akiparua. Walisikia upepo kwenye miti ya miwati. Na nyuma ya ua wa matete walisikia maji. Hayakuwa matone. Yalikuwa maji mengi, yanateremka kwa raha zake, yanazungumza yenyewe kwa yenyewe.

Twaha alikuwa wa kwanza kuyasikia, na kabla hajafikiri lolote alikohoa. Utumishi wa umma una namna yake ya kumwandaa mtu. Mwenyekiti akakohoa kwa nguvu zaidi. Mzee Rajabu, bila kujua kinachokoholewa ni nini, akakohoa kwa mshikamano, na halmashauri nzima ikamfuata, mmoja akipokea pale mwenzake alipoishia.

"Mna vifua?" aliuliza Injinia.

"Baridi ya huku," Mwenyekiti alisema katikati ya kikohozi, "haina adabu."

Twaha akavuta pumzi ili akohoe tena. Hapo macho yake yakamwangukia Mama Secilia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza, mkono juu ya ndoo yake kavu, midomo imepasuka kwa vumbi la njia ya mtoni. Alisikiliza kama mtu anayesikia sauti ya nduguye aliyeambiwa amekufa. Twaha aliishika ile pumzi. Aliishika mpaka ikamuuma. Kisha akaiachia polepole, bila kukohoa. Tangu aajiriwe hakuwa amewahi kuacha kutekeleza jambo.

Mzee Rajabu akaona Mtendaji ameacha, naye akaacha, na kikohozi cha halmashauri kikafa.

Mwenyekiti aliinuka. Alitembea mpaka chini ya mti wa mapeasi, akainama. "Hayawahusu," alinong'ona. Mbwa alifungua jicho moja. "Bweka." Jicho likafungwa. "Bweka, nakwambia!" Akatikisa mnyororo, akamvuta sikio, mwishowe, mbele ya mgeni wa wilaya na umma wote uliotangaziwa, Mwenyekiti wa Kijiji akabweka yeye, mara moja, kwa kumwonyesha. Mbwa akakoroma.

"Hayawahusu!" mzee alipaza sauti, karibu kulia. "Hayawahusu! Hayawahusu!"

"Yanatuhusu," alisema Mama Secilia. Akachukua ndoo yake, akapita kwenye ua wa matete.

Wote wakafuata. Nyuma ya ua, kwenye mlima uliokauka wote kama mkate wa juzi, palikuwa na bustani ya pilipili hoho na karoti, mbichi mpaka inaumiza macho. Bomba nene lilikuwa limelala kwenye mfereji, linamwaga. Injinia Shamsa aliinama, akakinga viganja, akanawa uso.

"Huu," alisema Mwenyekiti, "ni mradi wa majaribio."

"Wa kujaribu nini?"

 Mzee Valentino alimtazama Twaha amsaidie. Twaha alikuwa anamsaidia Mama Secilia kujitwisha ndoo.

Injinia hakugombana na mtu. Alisema bomba lile limelazwa kitaalamu, lina nguvu nzuri, tena limefika katikati ya makazi. Itakuwa dhambi kuling'oa. Basi likawekewa koki palepale na kuwa bomba la umma, na ua wa matete ukabomolewa ili watu wapite. Mkutano mkuu wa kijiji uliridhia kwa kunyoosha mikono. Mama Evelina alinyoosha yote miwili. Kisha mkutano ukamwondoa Mwenyekiti, ingawa yeye aliwaeleza watu kwamba amejiuzulu kwa sababu za kiafya, hasa kifua. Mbwa alifunguliwa mnyororo. Sasa anashinda kwa Mama Secilia, anazunguka zizini kimyakimya akingoja ukoko wa sufuria, na Pendo amemzoea.

Haikupita muda mrefu, asubuhi moja Mzee Valentino akaingia ofisini, macho mekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kushtaki." Alikaa bila kukaribishwa. "Wale wanawake wa bombani. Wanakuja hakujapambazuka, wanapanga ndoo chini ya dirisha langu, halafu wanacheka. Wanacheka mpaka jua linatoka. Sipati usingizi."

"Pole sana mzee. Wanacheka nini?"

"Sijui."

"Umejaribu kuwauliza?"

"Nimewauliza."

"Wakasemaje?"

Mzee Valentino alitazama sakafu. "Wakazidi."

Twaha alimwonea huruma ya kweli. Akafikiria kumuundia kamati. Akaanza hata kuwapanga wajumbe kichwani, mmoja mmoja. Lakini wote, akiwemo Mzee Rajabu na ndoo ya mkewe, saa ile walikuwa bombani chini ya dirisha la mzee, wakingoja zamu yao.