Triga ya Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 6 Oktoba

Aibu! Jana, mashindano ya makopo ya klabu yetu ya bunduki, mbele ya watu wote na wake zao. Makopo kumi juu ya ubao, anayewahi kuyaangusha yote ndiye bingwa. Mimi nilikuwa nimeangusha sita. Shemeji yangu Curt alikuwa amekwisha maliza, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, anakula mkate na nyama. Akaniuliza kwa upole kama nimeishiwa risasi au nimeishiwa nguvu. Watu wakacheka. LaDonna, mke wangu wa ndoa na dada yake huyo Curt, alicheka pia. Nilimwona.

Leo nimekutana na tangazo kwenye simu. Triga, yaani kifyatulio, ya kupachika kwenye bunduki. Ukivuta, risasi. Ukiachia, risasi nyingine. Kidole kimoja, kazi ya viwili! Duka liko ng'ambo ya mto, jimbo la jirani, ni kuvuka daraja tu. Limeandika kwa herufi kubwa: HALALI. Sasa kama wenyewe wanasema ni halali, Verlyn Skaar ni nani apinge?

Jumatano, 8 Oktoba

Nimevuka. LaDonna nimemwambia nafuata jibini ya kukaanga, maana wanaume wote wa upande wetu huifuata huko na hakuna mke anayeshtuka. Muuzaji, jamaa mwenye ndevu hadi kifuani, akaniuliza naishi wapi. Nikajibu hapahapa karibu. Akachungulia nje, akaiona namba ya jimbo letu kwenye gari langu, akasema kioo cha dirisha lake kina vumbi siku hizi, haoni vizuri. Watu wa ng'ambo ni wastaarabu sana.

Triga imerudi nami chini ya jibini. Sijaipachika. Nataka kwanza niifurahie. Curt, siku zako zinahesabika!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwisha.

Mkutano wa klabu. Mgeni: wakili Solveig Rask. Mama mfupi, miwani ya kamba shingoni, sauti ya mwalimu wa watoto kanisani. Akaeleza kwamba kwenye jimbo letu triga ya aina hiyo inahesabiwa sawa na rashasha. Si kuitumia tu. Kuwa nayo! Hata kama haijapachikwa, hata kama iko ndani ya boksi, hata kama uliinunua mahali inakouzwa kama pipi. Neno "halali" kwenye tangazo ni la muuzaji, akasema, na muuzaji hatasimama kizimbani pamoja nawe. Ukitiwa hatiani ni jela, na ukitoka jela hugusi tena bunduki.

Hugusi tena! Na mwezi ujao msimu wa kulungu unafunguliwa. Kibanda chetu cha msituni marehemu baba alikijenga kwa mikono yake. Sijawahi kukosa siku ya kwanza ya msimu. Mwaka niliovunjika mguu walinibeba. Nikamwona Curt katika mawazo yangu, amelala kwenye kitanda cha baba, mimi niko nyumbani namenya viazi. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia mafua.

Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa niaba ya rafiki yangu. Wakili akanitazama juu ya miwani.

"Mwambie rafiki yako asiitupe, asiiuze, asivuke nayo daraja," alisema. "Anipigie simu kesho asubuhi."

Hata Curt aliacha kutafuna. Lakini rafiki yangu si mtu wa kupigia mawakili simu. Ana akili zake. Nimeifunga triga kwenye karatasi ya bucha pamoja na soseji za kulungu za mwaka jana, nimeisukuma chini kabisa ya friza. Sherifu gani atapekua soseji?

Jumamosi, 11 Oktoba

Bahati nasibu ya nyama kwenye ukumbi wa maveterani wa vita, kuchangia gari la zimamoto. Naingia, naangalia meza ya zawadi. Kati ya kuku na mbavu za nguruwe: soseji zangu! Karatasi yangu, mwandiko wangu. LaDonna kazitoa. Anasema friza ilijaa.

Nilinunua tiketi kama mwendawazimu. Nikashinda paja la nguruwe. Nikashinda bekoni. Soseji akashinda Curt.

Nikamwahi mlangoni, nikampa paja na bekoni vyote anipe soseji. Akakataa. Haikunitia wasiwasi: kwetu mtu aliyelelewa vizuri hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, ya tatu ndiyo hupokea. Hata kipande cha keki ni hivyo. Nikarudia, akakataa. Nikarudia tena. Akakataa! Tena akanipigapiga bega. Curt anajua.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumetoka kanisani, gari la polisi limeegeshwa uani kwetu. Lyle Bronk, msaidizi wa sherifu, amevaa sare kamili. Nikapanda ghorofani mbio, nikavaa soksi nzito mbili mbili. Jela kuna baridi.

Nikashuka, nikamkaribisha kahawa. Akakataa. Sawa. Nikamkaribisha tena. Akakataa. Sawa. Nikamkaribisha mara ya tatu.

"Hapana, Verlyn," alisema. "Kweli, hapana."

Katika wilaya hii hakuna mtu anayekataa kahawa mara ya tatu, labda awe amekuja kumkamata mwenye nyumba. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kwa pingu, nikaanza kusema kwamba kuhusu zile soseji... LaDonna akanikanyaga kwa kiatu cha kanisani. Akamwambia Lyle nisamehewe, naringia soseji zangu tangu jana.

Lyle akasema daktari kamkataza kahawa, tumbo linamsumbua. Alikuja kurudisha bakuli la LaDonna. Kisha akaaga, na kuaga kwetu kunajulikana: mlangoni, kibarazani, kwenye gari, dirisha likiwa wazi. Mimi muda wote nimesimama kwa mguu mmoja.

Alipoondoka, LaDonna alinigeukia. "Soseji gani ina skrubu, wewe mwanaume?"

Kumbe aliiona triga Ijumaa asubuhi akipanga friza! Akampigia wakili Rask palepale. Wakili akaja mwenyewe, akapanga na wanaohusika, ikakabidhiwa kisheria na jina langu halikutajwa. Alichoshinda Curt ni soseji tupu, na alizing'ang'ania kwa sababu anazipenda. Nikamuuliza mke wangu kwa nini aliniacha niteseke.

"Nilitaka ufikiri, hata kidogo," alisema. "Kila Novemba ukienda msituni, nyumba hii inakuwa yangu. Ukizuiwa kuwinda utakuwa hapa mwaka mzima, Verlyn. Mwaka mzima. Nitakuweka wapi?"

Nimeponea chupuchupu! Sijawahi kumpenda mwanamke kama ninavyompenda huyu leo. Nimekula vipande vitatu vya pai ya tufaha. Nimelala kochini nacheka peke yangu. Kibanda ni changu, kitanda cha baba ni changu. Nimekoma kuchezea sheria. Kuanzia leo hata gari siegeshi vibaya.

Jumanne, 14 Oktoba

Curt amekuja gereji, kapauka. Tangu hotuba ya wakili hajapata usingizi. Zile sifa zote za makopo kumi, kumbe ni triga! Duka lilelile, jamaa yuleyule wa ndevu! Sasa mkewe anasafisha gereji yao, anafungua kila boksi, na Curt anaomba nimtunzie mpaka apate moyo wa kumpigia wakili. Ameniita kaka. Miaka yote hii hajawahi kuniita kaka.

Nimeificha kwenye mkoba wa vifaa vyangu vya mazoezi, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii aliyepagusa tangu tuununue. Wasiwasi sina. Nilimsikiliza wakili vizuri sana: kosa ni kuwa na triga. Mimi sina. Hii ni ya Curt.