Fundi Legeza na Baiskeli Isiyo na Keria

"Jamani, sikieni vituko," alisema Mzee Sixbert, simu ameishika mbali na macho kwa urefu wote wa mkono. "Jumamosi hii Mbamba Bay kuna mashindano. Mtu anaogelea ziwani, akitoka anapanda baiskeli, akishuka anakimbia kwa miguu. Vyote mfululizo, hata kukaa chini anywe uji hakuna."

"Anakimbizwa na nani?" akauliza Zabron.

"Hakimbizwi. Ni michezo."

"Basi huyo hana nyavu za kushona."

Kijiwe kikacheka. Ni kijiwe cha Kihagara, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, benchi mbili na jiko moja la mkaa. Mzee Sixbert, katekista mstaafu, jina lake pale ni Mtandao tangu binti yake alipomtumia simu ya kugusa. Zabron ndiye Nahodha, mvuvi mwenye boti ya faiba, mtu ambaye hajawahi kukosea maishani, kwa maelezo yake mwenyewe. Bonifasia, muuza kahawa na mihogo, wanamwita Spika, kwa kuwa hakuna hoja inayofungwa bila ruhusa yake. Mwenye kibanda ni Baltazar, Mmatengo aliyeteremka kutoka Mbinga akaoa huku ziwani. Huyo ndiye Legeza.

Jina hilo lilikuwa linamtafuna. Mwaka juzi aliitengeneza baiskeli ya Mzee Sixbert, akasahau kukaza nati za mbele. Jumapili, kwenye mteremko wa kanisani, gurudumu likachomoka, likamwacha mzee mtaroni, likaingia kanisani peke yake katikati ya wimbo wa mwanzo. Nati mbili tu, jamani! Baiskeli zote alizotengeneza baada ya hapo hakuna anayezikumbuka. Hata mwanawe shuleni wanamwita Legeza Mdogo, na hilo ndilo lililomuuma Baltazar kuliko yote.

Sasa dawa ya jina alikuwa nayo, inaning'inia kwa kamba mbili chini ya paa la baraza: baiskeli ya mbio ya Mwalimu Dorothy wa Lipingo, mtumba kutoka Ulaya, ndiyo anakwenda kushindania Jumamosi. Kwa siku tatu Baltazar ameisugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki, amebadilisha waya za breki, ameagiza tairi mpya Songea, amevuta spoku moja moja mpaka ringi ikazunguka bila kuyumba hata chembe. Mwalimu akishinda, nani atathubutu kumwita Legeza tena?

Zabron aliinuka, akaizunguka baiskeli, mikono nyuma.

"Keria iko wapi?"

"Haina."

"Madigadi?"

"Haina."

"Stendi? Kengele?"

"Nahodha, haina. Inatakiwa iwe nyepesi."

"Sasa mwalimu kanunua baiskeli au mifupa ya baiskeli? Wazungu wamekula nyama, sisi wametuletea mifupa! Mfungie keria hapo, hata akishindwa mbio arudi na gunia la muhogo."

"Na hizi pembe mbili huku mbele?" akauliza Spika.

Mzee Sixbert alikohoa kidogo, kama anayetaka kufundisha kipaimara. "Hizo ni za kusalia. Tazama. Viwiko hapa, mikono inakutana mbele, kichwa chini. Hii baiskeli ni Katoliki."

"Ingekuwa Katoliki mngepiga magoti," Zabron akadakia. "Huyu ameinama tu. Ni Mwanglikana mwenzangu."

"Shukeni nayo mlima wa Mbinga muone," alisema Spika. "Hakuna atakayeuliza dhehebu. Mtasali wote."

"Ni za kuukata upepo," Baltazar akasema taratibu, lakini nani wa kumsikiliza?

"Hata hivyo," Zabron akahitimisha, akikaa, "baiskeli yetu imependeza. Ikishinda, ijulikane ni kijiwe kimeshinda. Ushauri wote umetoka hapa."

Ilibaki kazi moja. Mwalimu alilalamika kwamba kiti kinashuka chenyewe akiwa njiani, anaanza safari mrefu anamaliza magoti yakigonga kidevu. Baltazar akaiteremsha baiskeli, akakipandisha kiti mpaka kwenye alama, akakaza bolti kwa kispana chake kidogo. Akakalia. Kiti kikashuka.

"Paka mchanga," alisema Spika, akigeuza mihogo.

"Nini?"

"Mchanga laini wa ziwani, kidogo tu, pale mguu wa kiti unapoingia kwenye fremu. Ung'ate. Sufuria yenye mafuta si inateleza mkononi? Ukishika na mchanga, haitoki."

Walicheka mpaka Mzee Sixbert akamwagikiwa kahawa. "Spika, rudi kwenye mihogo! Tangu lini mashine ikalishwa mchanga?"

"Haya. Mimi nimesema."

Zabron alimgeukia fundi. "Wewe tatizo lako tunalijua. Mkono mwepesi. Nyie Wamatengo si ndio mnaochimba ngolo, yale mashimo ya kulimia, huko milimani, mkageuza mlima mzima kwa jembe? Sasa bolti moja inakushinda? Kaza, Legeza!"

Laiti asingelitaja jina hilo. Baltazar aliingia kibandani, akatoka na kipande cha bomba la maji, akakichomeka kwenye mkia wa spana ili apate nguvu.

"Hapo sasa!" Mzee Sixbert akashangilia. "Kaza!"

"Bado! Kaza!"

Akakaza. Akavuta pumzi, akaning'inia kwa uzito wake wote.

Ka!

Fremu ilikuwa imepata ufa pale inapopokea kiti, urefu wa njiti ya kiberiti. Baltazar aliupapasa kwa kidole.

"Nimekumbuka," alisema Zabron akijikung'uta suruali, "nimeacha nyavu juani."

"Nasi leo tuna jumuiya," alisema Mzee Sixbert.

"Hakuna kuondoka!" Spika alisimama na koleo la mkaa. "Dakika mbili zilizopita ilikuwa baiskeli yetu. Sasa imekuwa ya nani?"

"Ya fundi," wakajibu kwa pamoja.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka Mwalimu Dorothy mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Shikamooni."

"Marahaba, mwalimu," walijibu, macho yote yakatazama ziwani.

"Fundi, imekuwaje?"

Baltazar angeweza kusema mtumba ulikuja na ufa. Zabron alikuwa anamkonyeza aseme hivyo hivyo. Lakini alimwangalia mwalimu, akashindwa.

"Mwalimu, nimeipasua. Nimekaza kupita kiasi. Ni mimi."

Dorothy aliinama, akauona ufa. Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa machozi. "Miezi mitano, fundi! Kila alfajiri naingia ziwani kabla ya kengele ya shule. Miezi mitano! Na ungepaka tu kitu chenye chengachenga. Aliyeniuzia alisema wenzetu wana grisi yao maalumu, ukiishika ni kama ina mchanga."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Spika. Naye alimpa kila mtu muhogo mmoja mmoja, polepole, akiwaangalia usoni, na ilikuwa adhabu tosha.

Zabron aliigonga fremu kwa kidole. "Hii si chuma, eti?"

"Ni kaboni. Nyuzi na gundi," alisema Baltazar.

"Nyuzi na gundi! Sasa si ungesema? Boti yangu ni nini basi? Ilipasuka kwenye mwamba wa Lipingo nikaiziba, hadi leo inabeba dagaa." Akaondoka mbio, akarudi na kitambaa cha faiba na kopo la gundi. Wakausugua ufa kwa msasa, wakauzungushia kitambaa tabaka tatu, kiti wakakisimika kwa mchanga alioupepeta Spika kwa chujio lake la chai. Bolti Baltazar aliikaza kwa vidole viwili, jasho likimtoka.

Jumamosi Mwalimu Dorothy alitoka majini wa kwanza, akamaliza mbio nzima wa pili, na kiti hakikushuka hata unene wa ukucha. Jumatatu kijiwe kizima kilikuwa fundi. Zabron alieleza faiba, Mzee Sixbert alieleza sala. Baltazar aliziba pancha huku akisubiri, na kweli, tangu asubuhi hakuna aliyemwita Legeza. Moyo ukaanza kumtulia.

Mara akafika kijana wa Songea, anakokota baiskeli ya mbio, nayo haina keria.

"Habari za hapa? Namtafuta fundi. Mwalimu Dorothy ndiye kanielekeza."

"Baltazar?" akauliza Baltazar, amesimama wima.

"Hapana. Amesema niulizie Fundi Pasua."

Benchi mbili zilicheka hadi moja ikaanguka. Baltazar alitazama juu, akatazama ziwa, akatazama ile baiskeli nzuri. Kazi ni kazi.

"Ndiye mimi. Ina nini?"

"Kiti kinashuka."

Baltazar akanyoosha mkono kuchukua spana, na kijiwe kizima kikapiga kelele:

"Mchanga kwanza!"